Mara Tatu Ukutani

Kila saa moja asubuhi mama aligonga ukuta kwa mwiko, mara tatu. Upande wa pili fundi cherehani alimjibu mara mbili kwa mkasi, kisha kila mtu akaendelea na yake. Masikio ya mama yalikuwa yamestaafu zamani, na simu kwake ilifaa kujitazamia tu, lakini kiganja chake kikilala ukutani kilisikia hata panya akipiga miayo. Siku ambayo mwiko ungenyamaza, fundi angempigia simu bintiye kule bekari alikofanya kazi. Basi binti alikanda unga, simu kimya mfukoni, na kimya kile kilikuwa habari njema.

Mwenye nyumba akaja kugundua kwamba mgeni wa siku sita analipa sawa na mpangaji wa mwezi. Milango minane ya ghorofa ile ikaanza kuwekwa vitasa vya namba, mmoja baada ya mwingine. Fundi cherehani alikuwa wa sita kuhama. Alizunguka wiki tatu akitafuta chumba hapo karibu, na kila alichokikuta kilikuwa cha kulala wageni, si cha kuishi. Aliishia mwisho wa njia ya basi, yeye na cherehani yake. Waliobaki wakambatiza mwenye nyumba Bwana Nyota, kwa jinsi alivyohesabu nyota alizopewa na wageni mtandaoni kuliko mnajimu.

Mama akaendelea kugonga. Mgeni wa kwanza katika chumba cha fundi aliandika mtandaoni kwamba chumba kina mzimu. Wa pili akaongeza kwamba mzimu wenyewe unafuata saa. Bwana Nyota akapanda ngazi, akamkuta binti mlangoni.

"Mwambie mama yako aache, la sivyo mtafute pa kwenda."

"Wapi, mzee? Mtaa mzima umegeuka hoteli."

"Hilo halinihusu."

Mama, aliyekuwa akiifuata midomo yao kwa macho, akauliza, "Anasema lile bomba letu linalovuja atalitengeneza?"

Siku ile binti aliunguza trei mbili za mikate. Jioni alimwomba dada wa usafi, aliyesafisha vyumba vya wageni, abandike karatasi kando ya kitanda cha wageni: *Jirani yako ni bibi. Saa moja asubuhi atagonga mara tatu. Mjibu mara mbili. Asipogonga, piga namba hii, maana hatuna njia nyingine ya kujua kama yu mzima.*

Wageni wakapenda. Mmoja alijibu mara nane kwa furaha, mama akadhani anafukuzwa. Nyota zikamiminika, na Bwana Nyota akarudi meno yote nje.

"Sasa naomba awe anagonga saa tatu. Wageni wanachelewa kuamka."

Binti akamfikishia mama kwa vidole na midomo.

"Mwambie sawa," mama akasema. "Hata kufa nitasubiri wamalize chai."

Binti alicheka, akaenda kumwambia dada wa usafi abadilishe saa kwenye karatasi.

Jumanne moja, mikono ikiwa kwenye unga, simu ilikuwa kimya kama kawaida. Mara likamchoma neno la dada wa usafi: wageni wameondoka jana, wengine watakuja Ijumaa. Kimya hiki, basi, ni cha mama mzima au cha chumba kitupu? Alivua aproni, akamwachia mwenzake tanuri, akatoka mbio.

Alimkuta mama ameketi, kiganja ukutani, mwiko mapajani, uso umemsawijika.

"Afadhali umekuja. Nimegonga mara kumi, jirani hajibu. Hebu kamwangalie, asije akawa amekufa mle ndani."

Binti akafungua mlango wa pili kwa namba aliyopewa na dada wa usafi. Shuka nyeupe. Taulo zimekunjwa umbo la bata. Hapakuwa na alama hata moja ya cherehani. Alisimama pale ilipokuwa ikikaa, akagonga ukuta mara mbili.

Ukuta ukajibu papo hapo, mara tatu, kwa ukali wa mtu aliyechoka kungojea.

Kule bekari huenda mikate ilikuwa inaungua, na Ijumaa ya wageni wapya ilikuwa mbali. Akagonga tena.