Mwambie Huyo

Mama na mama mkubwa hawajasemezana tangu bibi yangu azikwe, na wanaishi nyumba moja. Ugomvi wenyewe ni cherehani ya marehemu, ambayo kati yao hakuna anayejua hata kuitunga uzi. Wakitaka jambo hunipitishia mimi. "Mwambie huyo mama yako chai imechemka," mama mkubwa husema, na huyo mama yangu yuko hapo hapo, mkono kwenye sufuria. Nami nasema. Nimekua nikisema. Wenzangu walipokuwa wanacheza, mimi nilikuwa simu.

Sasa kampuni imenihamisha. Mimi ni fundi wa mikanda katika mikahawa ya sushi, ile ambayo sahani za wali na samaki mbichi hupita zenyewe juu ya mkanda mbele ya wateja, kila mtu akadaka anayoitaka. Wanafungua tawi jipya nchi nyingine, na naondoka Jumapili. Kilichokuwa kikininyima usingizi si safari. Ni kuwawazia wale wawili sebuleni, kila mmoja ana neno mdomoni na hana wa kumtuma.

Nikawaalika kazini kwangu mchana, nikawakalisha meza moja, uso kwa uso. Mkahawa wetu hauna mhudumu hata wa dawa. Unaongea na skrini iliyo mezani, chakula kinakuja kwa mkanda. Nikawaambia kuna gurudumu linakwaruza, nikaingia chini ya mkanda, nyuma ya kiti cha mama, na bisibisi yangu. Uongo mtupu. Mkanda ulikuwa mzima kuliko mimi.

Nikawachungulia kwenye upenyo. Sahani zikapita. Mama mkubwa alimkazia macho samaki mmoja mpaka akapotelea kwenye kona.

"Mwambie huyo," akasema hatimaye, kisha akakumbuka kwamba sipo mezani. Akatazama huku na huku, akaigeukia skrini. "Mwambie huyo anisogezee sosi."

"Samahani, sijaelewa," skrini ikajibu kwa adabu zote. "Tafadhali taja chakula."

"Mwambie," mama naye akadakia, akiinamia skrini ile ile, "sosi iko mbele yake, afungue macho."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali taja chakula."

Niliuma mkono wa shati nisicheke. Halafu hasira zikanipanda, hasira hasa. Watu wazima, mvi kichwa kizima, wanagombea sikio la mashine! Nilikuwa karibu nitoke niwapashe, heshima ingefuata baadaye.

Mama mkubwa akaishika skrini kwa mikono miwili. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwambie mdogo wangu," akasema.

Bisibisi ikanitoka mkononi. Mdogo wangu! Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu nina meno ya utoto.

"Mwambie mtoto akishaondoka tutabaki wawili tu mle ndani. Mwambie naogopa. Nikianguka bafuni, nitamwita nani?"

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali..."

"Nyamaza wewe!" Mama aliifunika skrini kwa kiganja, kana kwamba ina mdomo. Niliona miguu yake, jinsi alivyokuwa akikunja vidole ndani ya ndala.

"Nimesikia, dada," akasema. "Utaniita mimi."

Nilibaki nimepiga magoti chini ya mkanda, machozi yananitoka, sijui kama ni ya furaha au ya wivu. Miaka yote hiyo nimewabebea maneno, ya chai, ya ufunguo, ya taa iliyoachwa inawaka, na hilo hawakuwahi kunipa.