Maneno Chini ya Picha ya Domitila

Vedasto ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na kuna maneno yaliyotoka kwenye simu yake ambayo mpaka leo yananitia kichefuchefu. Mimi ni shangazi yake, Marcelina. Nachora. Ili nipate kula nachora mabango ya saluni na maduka ya dawa, na ukuta wa shule moja ya chekechea hapa Katubuka una simba wangu ambaye watoto wote wanasema ni mbwa. Ili roho yangu itulie nachora watu wa mwaloni, pale tunapoanika dagaa.

Picha ninayotaka kuisema ni ya wifi yangu Domitila, mama yake Vedasto. Nilimchora amesimama katikati ya chanja za kuanikia dagaa, khanga imefungwa kiunoni, magamba yameganda mikononi mpaka kwenye viwiko, anacheka. Nilikuwa nimemwambia kwamba kaka yangu alimwoa kwa ajili ya ugali wake, sura wala hakuitazama. Wifi ndiye wa kutaniwa hivyo. Jua la asubuhi lilikuwa linampiga usoni, macho yamejikunja, na pembeni ya jicho moja lilikuwa limetoka chozi, lile la mtu aliyecheka mpaka mbavu zikamuuma. Nilihangaika sana na lile chozi. Nilipolipata nilijua hakuna kazi nyingine niliyowahi kuifanya ikafikia hapo.

Vedasto alipoiona alisema picha kama hiyo haiwezi kukaa ukutani, lazima iende mtandaoni. Huyu kijana alisoma chuo, akarudi nyumbani akiwa mtaalamu wa mitandao, maana yake analala kwenye kochi la mama yake, chaja iko ukutani na sahani iko chini. Alinifungulia ukurasa wa kazi zangu, akaupiga picha ule mchoro kwa simu, kisha akaniuliza tuweke maneno gani chini yake. Hayo ndiyo wanayaita hashtegi. Unaandika neno, unalitanguliza na alama ya reli, na mtu yeyote duniani akilitafuta neno lile anaikuta picha yako.

Nikamtajia: Domitila, mwalo, dagaa, Kigoma, Ziwa Tanganyika, asubuhi, mwanamke anacheka.

Alicheka mpaka akaweka simu chini. "Shangazi, nani duniani anaamka asubuhi anatafuta neno 'mwalo'?"

"Anayetafuta mwalo."

"Huyo yuko mwaloni tayari!"

Akanieleza, na siwezi kusema alikosea. Alisema maneno ni kama chanja. Mwanamke mwenye akili anaweka yake karibu na njia wanayopita wanunuzi. Kuna maneno mapana, kama Afrika au sanaa, yanatafutwa na kila mtu, lakini humo picha yako inazama kati ya mamilioni. Kuna maneno finyu, wanaoyatafuta ni wachache ila wana nia. Ukichanganya vizuri, kazi inatembea. "Halafu kuna neno la hisia," akasema. "Hilo ndilo linamfanya mtu asimame, asipite."

"La hisia ndilo lipi?"

"Hilo niachie mimi, shangazi. Nitaandika kwa Kizungu, maana watazamaji wenyewe ndio hao."

Nikamwambia aandike anavyojua, ila jina la mama yake libaki. Akasema sawa.

Picha ikatembea kweli. Kila jioni Vedasto alinionyesha mioyo myekundu imejaa, watu wa nchi ambazo sizijui wameweka vikaragosi vya nyuso zinazolia na mikono iliyokunjwa kuomba. Mimi mjinga nikadhani wameguswa na rangi. Maneno yenyewe sikuyaona. Yamefichwa chini, mpaka ubonyeze, na Kizungu changu ni cha mabango.

Sasa kuna jambo la huku kwetu. Domitila amezaliwa Simbo, hapa hapa kwetu, baba yake amezikwa Simbo. Lakini mama yake alitoka juu kule mpakani na Burundi, na mtoto husema kama mama yake, kwa hiyo Kiha cha Domitila kina lafudhi ya kule. Kwa mtu wa mkoa mwingine hiyo si kitu. Kwetu Kigoma inatosha. Maisha yake yote ameishi na minong'ono: huyu ni Mrundi, huyu alivuka, huyu ni mkimbizi. Huku neno mkimbizi ukimwambia mtu aliyezaliwa hapa umemwambia hana kwao, hana shamba, hana kaburi la kulilia. Watu wameulizwa na maafisa wa uhamiaji habari za babu zao mbele ya watoto wao kwa sababu ya neno hilo. Kwa hiyo akina mama wa chanja walipotaka kuchagua mwenyekiti mpya wa kikundi, na jina la Domitila likatajwa na watu wakashangilia, nilimwona anageuka pembeni kufuta uso. Uenyekiti wenyewe ni kugawa chanja na kuamua ugomvi wa ndoo. Alichotaka yeye ni kusikia wanawake wa mwaloni wakisema, mbele ya kila mtu, kwamba yeye ni wa hapa.

Mwaloni hatuna karatasi za kura. Wagombea wanasimama, na kila mtu anajipanga nyuma ya anayemtaka. Siku hiyo nyuma ya Domitila mstari ulifika mpaka kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Nyuma ya Verediana, mpinzani wake, walikuwepo dada zake na wanawake wengine wachache waliokuwa wanatazama chini. Mzee Alphonce, katibu wa mwalo, alikuwa ameshaanza kuhesabu.

Verediana akatoka kwenye nafasi yake. Alikuja mpaka mbele ya Domitila, akapiga makofi taratibu kama tunavyoamkiana, akainama vizuri kabisa. "Mwakeye, Domitila," akasema, kwa adabu zote za Kiha. Halafu akatoa simu kwenye khanga. Ile adabu ndiyo iliyonichefua zaidi. Afadhali angetukana.

"Katibu, kabla hujahesabu," akasema, "naomba tusomewe. Kikundi hiki ni cha wenyeji. Tumjue tunayemchagua."

Simu akapewa Yasmini, mwalimu wa ile chekechea ya simba wangu, aliyekuja kununua dagaa tu. Anajua Kizungu na hana upande. Akatazama, akasema, "Ni picha ya mama Vedasto. Imechorwa vizuri." Nikatabasamu kama punguani.

"Soma maneno ya chini," Verediana akasema.

Yasmini akasoma kimya kwanza, nikaona uso unabadilika. Kisha akayatoa moja moja kwa Kiswahili, na kila neno sauti yake ilizidi kushuka. Mkimbizi. Mkimbizi wa Burundi. Vita. Njaa. Kambi. Mama anayelia. Afrika inayolia.

"Na jina lake?" nikauliza. "Jina lake si liko hapo?"

"Jina halipo, dada."

Lile chozi nililolihangaikia, la kicheko, la utani wa wifi na wifi, limebandikwa njaa na vita, watu wanalilia huko waliko, wanajisikia wema, wanapita. Hawakumwona Domitila. Hakuna hata mmoja aliyemwona. Na aliyewauzia kilio chake ni mtoto aliyemnyonyesha, ambaye wakati ule ule, nina hakika, alikuwa kwenye kochi lake anahesabu mioyo. Nimeosha matumbo ya samaki tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kushika kitu kichafu kama hicho.

Mzee Alphonce akavua kofia. "Nani ameandika maneno haya?"

Watu wote wakanigeukia. Picha ni yangu, ukurasa una jina langu. Nikafungua mdomo kumtaja Vedasto. Nilikuwa na hamu ya kumtaja. Nilitaka mwalo mzima ujue, na mitumbwi ipeleke habari mpaka ng'ambo.

"Ni mimi," Domitila akasema.

Alikuwa amepiga hatua mbele, mikono ameikunja kifuani. "Mimi ndiye niliyemwambia wifi aandike hivyo. Nilitaka picha itazamwe. Yeye hakutaka, nikamlazimisha."

"Domitila!" nikasema.

"Nyamaza, wifi. Umenitii, basi."

Kama angesema alisingiziwa, watu wangegombana, wengine wangemtetea. Lakini mtu aliyejiita mkimbizi mwenyewe utamteteaje? Mama mmoja aliyewahi kuwekwa siku nzima uhamiaji akiulizwa babu yake alitoka wapi alitema mate mchangani, akasema, "Sisi tunalia kuitwa hivyo, wewe unajiita ili upendwe na Wazungu," akatoka kwenye mstari. Wengine wakamfuata. Hawakukimbia, walikwenda taratibu, mmoja anarekebisha khanga, mwingine anajifanya anatafuta kandambili. Wa mwisho alikuwa Recho, ambaye yeye na Domitila wanatumia chanja moja tangu wakiwa wasichana. Recho hakwenda kwa Verediana. Alikwenda kugeuza dagaa ambao alikuwa ameshawageuza.

Katibu hakuhitaji kuhesabu.

Njiani nilimrukia. Nilimwambia ni mwendawazimu, nilimwambia kaka yangu angefufuka angemchapa, nilimwambia kila kitu. Alinisubiri nimalize. Tulikuwa tunapandisha kilima, ana ndoo kichwani, wala hakugeuza shingo.

"Ulijuaje kwamba ni Vedasto?" nikamuuliza.

"Nani mwingine anaandika Kizungu nyumbani kwetu?"

"Basi ungewaambia!"

"Marcelina, mimi wakiniita mkimbizi, najua nilikozaliwa. Yeye wakimwita mtoto aliyemuuza mama yake, ataishi wapi? Mji huu nani atampa binti? Nani atampa hata kazi ya kubeba mizigo?"

"Na anastahili!"

"Anastahili," akasema. "Lakini mimi ndiye mama yake. Usimwambie. Niapie."

Sikuapa. Alisimama katikati ya njia na ile ndoo, bodaboda zinatupigia honi, akakataa kusogea mpaka nikaapa.

Nilipofika kwangu nilifungua ule ukurasa, maana neno la siri ninalo, nikaifuta picha. Nikafuta na nyingine zote kwa hasira. Kisha nikaandika lile neno mkimbizi kwenye nafasi ya kutafutia, kwa herufi za Kizungu alizoninakilia Yasmini kwenye kiganja. Domitila akatokea. Si kwangu tena. Kwenye kurasa za watu nisiowajua. Wameikata picha, wameondoa chanja, wameondoa dagaa, wamebakiza uso na chozi. Maneno wamehama nayo yote, na wengine wameongeza ya kwao. Kuna mmoja ameandika kwamba mama huyu amepoteza watoto wote. Nilikwenda uani nikatapika, na si maneno ya kusema tu, nilitapika kweli.

Jioni nilikwenda kwao kwa sababu nisingekwenda Vedasto angeuliza. Domitila alikuwa ameivisha migebuka ya mawese. Vedasto alikuwa ameinuka kwenye kochi, jambo la nadra, amekaa mkekani amenawa tayari. Mama yake akamwekea samaki mkubwa, kama siku zote, na kichwa akakigeuzia upande wake ili kijana asisumbuke na miiba.

"Shikamoo shangazi. Mbona umefuta ukurasa?" akaniuliza. "Ndiyo kwanza ulikuwa unapata kiki!"

"Umeharibika wenyewe," Domitila akajibu kabla yangu.

"Basi nitakufungulia mwingine." Akamega tonge. "Enhe mama, uchaguzi? Mwenyekiti?"

"Wamemchagua Verediana."

Akaacha kutafuna. Alikasirika kweli, siwezi kumnyima hilo. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Verediana? Kwa lipi? Si wote walikuwa nyuma yako?"

"Wamesema mimi si wa hapa."

"Mijitu ya ajabu hii!" Vedasto akapiga goti kwa mkono wake safi. "Mtu amezaliwa Simbo, babu yangu kazikwa Simbo, halafu wanakuita mkimbizi? Watu wasio na haya kabisa. Mimi ningekuwepo pale, mama, ningewaonyesha."

"Najua, mwanangu," Domitila akasema. "Kula, samaki anapoa."

Akala. Alikula vizuri, akachovya tonge kwenye mawese, akailamba mifupa, na kila baada ya tonge mbili alitikisa kichwa kwa uchungu wa mama yake. Mimi nilikaa na kiapo changu, chakula sijakigusa. Domitila akanisogezea bakuli, akanitazama, akaendelea kunitazama mpaka nikanyoosha mkono nikala.