Kisanduku cha Oloo

Kila asubuhi mashine ya kuchapa ilipowashwa, kisanduku cha tano, kati ya vile ambavyo kila mfanyakazi hupokelea karatasi zake, kilibisha. Ta, ta. Taa yake nyekundu ikaanza kupepesa, na ofisi nzima, ghorofa ya sita pale katikati ya jiji, ikageuka kukitazama.

Kilikuwa cha Oloo. Oloo alianguka nyumbani kwake Waithaka wiki mbili zilizopita, hakuinuka tena. Kesho ndiyo wanamzika. Awiti, mtu wa kwao, alishakataza: "Vitu vya mtu haviguswi kabla hajalazwa kaburini. Atakayegusa asije kunililia."

Hakuna aliyegusa. Lakini Mbithe, mfanyakazi mwenzake, kule kubisha kulikuwa kunamla. Faili ya mteja ilipotea na lawama ikamwangukia yeye, kumbe Oloo ndiye aliyeibeba akaisahau kwenye teksi. Jioni yake ya mwisho Oloo alimwambia, "Dada, nimeungama kwa maandishi. Kesho unayo." Kesho ikaja bila Oloo. Leo saa nne Mbithe anaitwa mbele ya wakubwa, na hana chochote mkononi. Akitoka bila kitu, kazi imekwisha.

Saa tatu akaja fundi Kitheka, kutoka Uthiru, akafungua mgongo wa mashine.

"Sasa madam. Nani amewaambia hii ina pepo?"

"Wee, inabisha yenyewe!" Mbithe akasema.

"Njoo uone." Akaelekeza tochi. "Karatasi inapanda huku, rola zinaivuta. Kila kisanduku kina kilango. Kikiinama, karatasi inaingia. Kikikaa wima, inapita kwa jirani. Sasa angalia haka kamkono. Kanalala juu ya karatasi. Zikijaa, kanainuka, na mashine inagoma. Hii ya tano imejaa pomoni."

"Oloo hakuwahi kuzitoa zake."

"Basi kuna kazi yake, karatasi aliyotuma ichapwe, inangoja nafasi. Imeandikwa kwa kumbukumbu ya mashine, hata mkiizima, hata stima ikipotea, haisahau. Kila ikiamka inajaribu kilango. Ndiyo hiyo ta, ta. Toa hizo makaratasi."

Mbithe akamtazama Awiti. Awiti akageuza uso dirishani. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Mbithe akatia mkono. Akatoa rundo lote, vumbi na yote. Kamkono kakashuka. Taa nyekundu ikazimika.

Ndani ya mashine kitu kikaanza kupanda. Kikapita cha kwanza, cha pili, cha tatu, polepole, kama mtu mzito anayepanda ngazi. Kilango cha tano kikainama. Karatasi moja ikateleza nje, uso chini.

Ilikuwa na joto. Joto la mkono wa mtu.

Mbithe akaigeuza. *Mimi Oloo ndiye niliyebeba faili. Mbithe hana kosa.* Yote yapo, ila chini, mahali pa sahihi, peupe.

Akamwonyesha Kitheka pale peupe. "Hajasaini. Watasema nimejiandikia."

"Subiri." Kitheka akabonyeza, akasoma kioo cha mashine. "Kazi haiendi hapo tano bila namba ya siri ya mwenyewe. Hii imetumwa kwa namba yake, saa kumi na moja jioni, tarehe iko. Nitawachapia orodha ya kazi zilizotumwa, nisaini kama fundi."

Awiti akaja akaisoma ile karatasi mara mbili. "Twende kwa wakubwa," akasema. "Nilikuwa dawati la pili. Nilimwona akichapa jioni ile, sikujua ni hii."

Wakaondoka wawili. Mlangoni Mbithe akasimama, akatega sikio.

Kimya; hakuna ta, ta tena. Na kimya hicho, ndicho kilichomtoa machozi.