Chumba cha Upande wa Maegesho

Saa nane na dakika tano mchana, pacha wakiwa wamelala fofofo baada ya kugombania mto kwa nusu saa, Dada alikuwa amepiga magoti kando ya beseni la kuogea akisuuza nguo za kuogelea. Zilikuwa nne: mbili za pacha, moja ya mama yao na moja ya baba yao. Mchanga ulituama chini ya beseni, naye akawa anauchota kwa kiganja na kuutia kwenye kikombe cha plastiki ili bomba lisizibe. Ndipo hodi ikabishwa.

Alifungua akidhani ni watu wa taulo, kumbe ni bahari. Ilikuwa imepanda kwa lifti mpaka ghorofa ya saba, ikasimama koridoni ikichuruzika, imejikunyata isije ikamlowesha mpita njia. Dada hakujua bahari huamkiwa vipi, ila umri wake ulionekana, basi akasema shikamoo. Bahari ikaitikia marahaba. Akaiomba iingie polepole, watoto wamelala, akaitandikia taulo kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango.

Bahari ilieleza kwamba ina desturi ya kuonana na kila mgeni wa hoteli ile angalau mara moja, na kwamba kwenye hesabu yake kulikuwa na mmoja aliyeshuka garini na mabegi sita siku tano zilizopita, kisha hakuonekana tena. Ilidhani anaumwa. Dada akasema haumwi, yuko kazini. Bahari ikasema inaelewa, hata yenyewe iko kazini.

Dada lilikuwa jina la kazi. Katika nyumba ile kila mtu alimwita hivyo, hata Baba Pacha aliyemzidi miaka kumi na mitano, na Mama Pacha alipenda kuwaambia marafiki zake kwamba huyu si mfanyakazi, ni mtu wa nyumbani kabisa. Undugu huo ulikuwa na mipaka yake. Chumba cha wenye safari kilitazama maji. Cha Dada na watoto kilitazama maegesho ya magari na bomba la moshi la jikoni. Asubuhi aliwapaka pacha mafuta ya jua, akawashusha mpaka mlango wa nyuma, akawakabidhi kwa wazazi wao, akapanda tena kufua. Saa sita aliwapokea wamejaa mchanga hadi masikioni, akawaogesha, akawalisha na kuwalaza. Jioni alibaki nao chumbani kwa kuwa wazazi walikuwa na meza ya watu wawili. Ilikuwa likizo nzuri sana, kila aliyeulizwa alisema hivyo.

Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyekuwa mtaalamu wa likizo. Watu elfu arobaini walimfuata kwenye simu kwa ajili ya mapendekezo yake ya safari, na apewe haki yake, alikuwa anajua kuandika. Jioni ile aliandika hivi: “Kisiwa hiki kinawafaa wenye watoto wadogo. Wanalala saa nane mpaka saa kumi, na ninyi wawili mnapata muda wenu. Nyota tano.” Aliyekuwa akiwalaza hakutajwa, labda kwa kukosa nafasi.

Kesho yake bahari ilirudi saa ile ile, na keshokutwa pia. Ilikuwa mgeni asiye na makuu: hukaa kwenye kiti chake, husikiliza, na pacha mmoja akijigeuza kitandani hutulia mpaka alale tena. Dada aliihadithia habari za binti yake wa miaka saba, anayelelewa na mama yake mkubwa kwenye mji wa milimani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Makubaliano ya kazi yalisema siku kumi na nne za likizo kila mwaka, lakini mwaka uliopita pacha walipata tetekuwanga wiki ile ile ya kuondoka. Mwaka huu alikuwa ameahidiwa kwenda mara tu watakaporudi safarini. Mtoto alikwishaambiwa. Alikuwa ameweka vifuniko vya soda kwenye kopo, kimoja kwa kila siku iliyobaki, na kila asubuhi alitoa kimoja.

Zulia la chumba likaanza kunuka mwani. Msimamizi wa usafi alikuja, akagusa kwa kidole, akaonja.

“Imepanda tena,” akasema.

Alieleza kwamba mwaka jana ilikuwa ikienda chumba cha mia tano na kumi na mbili, kwa muuguzi wa ajuza mmoja, na mwaka juzi kwa dereva wa watu fulani. Huwafuata wasioteremshwa ufukweni. Hakuwa na ugomvi nayo, ila angeshukuru kama ingetumia lifti ya mizigo. Mama Pacha alipoliona zulia, alimwomba Dada awe mwangalifu na maji ya beseni.

Siku ya tisa walihama kisiwa, wakaenda kukaa siku sita kwenye mji mkubwa wenye mnara ambao watu hutoka mbali kuja kuupanda. Dada alisimama kwenye foleni ya mnara kwa saa mbili na robo, akisukuma kigari cha pacha hatua moja moja, mpaka wazazi walipotoka kwenye mgahawa na kuchukua nafasi zao. Yeye na kigari walibaki chini, kwa kuwa vigari haviruhusiwi. “Msiiogope foleni ya mnara,” Mama Pacha aliandika. “Tulikwenda kunywa kahawa, tuliporudi zamu yetu imefika.”

Kando ya foleni palikuwa na muuza viatu. Dada alitoa kwenye pochi uzi mweusi aliompimia binti yake unyayo siku ya kuagana, akaulaza juu ya kandambili nyekundu zenye kipepeo cha plastiki, akaongeza upana wa kidole kimoja kwa sababu watoto hukua. Alirudi hotelini na mfuko ule mdogo akiwa na furaha ambayo safari nzima haikuwa imempa.

Waliporudi nyumbani alisubiri siku mbili, watu wapumzike na mabegi yafunguliwe, halafu akamfuata Mama Pacha jikoni kumkumbusha habari ya likizo. Mama Pacha alimtazama kwa upole. Kalenda ilikuwa imebandikwa kwenye jokofu, kazi za nyumba nzima zikiwa zimepakwa rangi, kila mtu na yake. Ya Dada ilikuwa kijani.

“Lakini Dada, likizo si umeshachukua?” akasema, akahesabu kwa ncha ya kalamu. “Kisiwani siku nane, mjini sita. Kumi na nne. Hata moja haijapungua.”

“Kule nilikuwa na watoto, mama.”

“Na sisi tulikuwa na watoto.”

Baba Pacha, aliyekuwa anatafuta kifungua chupa, alisema kwa nia njema kabisa kwamba kuna watu wanazeeka bila kupanda ndege. Dada alitazama zile kumi na nne za kijani. Zilikuwa zimepakwa vizuri, bila kutoka nje ya mistari, na aliona kwamba zilipakwa hata kabla ya safari. Akasema sawa, akaenda kwenye chumba cha kufulia, akalia huku mashine ikizunguka, na ilipokoma alikoma naye, kwa sababu nguo hazijianiki.

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, bahari ilitokea hapo hapo kwenye chumba cha kufulia. Ilikuja kwa njia ya mito, kisha mfereji, kisha bomba la maji machafu, jambo ililoliombea radhi. Dada aliigeuzia ndoo ikae, akaieleza yaliyompata. Bahari ikasema kwamba tangu iumbwe haijawahi kuchukua likizo hata siku moja. Imekuwa ikipanda na kushuka mara mbili kwa siku, sikukuu na siku za kawaida, na hakuna aliyeiuliza. Ikasema itaomba ruhusa, iende yenyewe ikamwone mtoto.

Maombi yalipelekwa kwa mwezi, ambao ndio msimamizi wake wa zamu. Mwezi ulipekua, ukakuta siku zilizolimbikizwa hazina idadi, na ruhusa ikatoka siku hiyo hiyo. Bahari ikachukua nne tu, isije ikaonekana ina tamaa. Dada akaikabidhi mfuko wa viatu na kuisihi isivilowanishe sana.

Jumapili mama mkubwa alipiga simu kutoa taarifa kwamba mgeni amefika salama. Alifika Alhamisi, kopo likiwa limebaki na kifuniko kimoja, wakampa nafasi uani kati ya tangi na kamba ya nguo. Hakuwa msumbufu. Kisima kimeingia chumvi kidogo, ila majirani wamesema watavumilia. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi, bahari ikaenda, ikakaa kwenye benchi la nyuma pamoja na wazazi wengine, na mwalimu akaiandika kwenye daftari la mahudhurio, upande wa mama. Iliuliza swali moja, kuhusu hesabu za mtoto, na mwalimu alisema ni mzazi anayefuatilia. Kisha mama mkubwa akampa mtoto simu.

“Mama, bahari imeniletea viatu.”

“Vimekutosha?”

Mtoto akashusha sauti.

“Vinanibana. Imesema nisikwambie.”

Kule kisiwani, siku hizo nne, wageni waliamka wakakuta mchanga umeendelea mpaka upeo wa macho. Walitandika taulo zao hivyo hivyo. Wengi walikuwa wamekwenda kwa kumsikiliza Mama Pacha, na sasa walimwandikia kwa hasira, wakimtumia picha za mashua zilizolalia ubavu. Yeye aliumia sana, maana mapendekezo ni jina la mtu. Akarekebisha: “Bahari haipatikani muda wote. Ulizeni kabla ya kwenda. Nyota tatu.” Kwa siku mbili hakula vizuri, na Dada alimpikia uji.

Siku ya tano bahari ilirudi kazini, lakini kwanza ilipitia kwenye chumba cha kufulia. Ilimletea Dada uzi mpya wenye fundo, ikauweka juu ya mashine. Dada akautoa ule wa zamani na kuulaza kando yake. Mpya ulizidi kwa vidole viwili. Bahari ikamshukuru kwa ile ndoo, ikaondoka kwa njia iliyojia, naye akapiga deki.

Ili kurudisha heshima yake, Mama Pacha aliona afadhali sauti nyingine isikike. Alimwita Dada sebuleni, akamwelekezea simu.

“Hebu na wewe sema kitu, Dada. Wewe ulikuwepo. Unawapendekezea watu nini?”

Dada alifikiri kwa uaminifu.

“Ghorofa ya saba, chumba cha upande wa maegesho,” akasema. “Kiti kiwekwe karibu na mlango, na taulo juu yake. Saa nane mtu asitoke.”

Mama Pacha aliyaandika yote kama yalivyo, akaongeza ya kwake chini: “Mkisafiri na watoto, mchukueni na dada yenu. Naye anapata likizo.” Watu elfu tisa walipenda. Hoteli ile ikaanza kupata simu nyingi za kuulizia upande wa maegesho, na msimamizi wa usafi akaomba mazulia ya vyumba yabadilishwe kuwa vigae.

Mwisho wa mwezi kalenda mpya ilibandikwa kwenye jokofu. Mwakani vitakuwa visiwa viwili, saba kwa saba, na kijani kilikuwa kimeshapakwa. Dada alikuwa anakitazama huku akikausha sahani, simu ilipolia. Alikuwa binti yake. Mtoto alisema viatu amempa mtoto wa jirani, vimemkaa sawasawa. Alisema pia kwamba kopo sasa ni tupu, na anataka kuanza upya.

“Niweke vifuniko vingapi, mama?”

Dada akaiweka sahani rafuni. Akaichukua nyingine.

“Weka vyote ulivyo navyo.”

“Halafu?”

“Halafu waombe na majirani.”