Ramani ya Ua la Buluu

Barua ya mhariri ilikuwa fupi. Mswada ni mzuri, aliandika, lakini jarida haliwezi kutangaza aina mpya ya mmea bila maelezo ya ua lake. Tena ramani haisomeki. Waandishi warekebishe hayo mawili, watume upya.

Myriam Mbelu alikuwa ameeleza kila kitu kingine: mizizi, shina, majani, mbegu. Ua hakuwahi kulipata. Mmea ule ulichanua majuma machache tu baada ya mvua za kwanza, na kila ua lilifunguka asubuhi na kunyauka kabla ya jua kupanda utosini. Alikuwa mhadhiri wa botania Kolwezi, mji wa migodi, mzaliwa wa mtaa wa Kapata, binti wa fundi umeme wa kampuni ya madini ambaye wazazi wake walitoka Kasai, na watu wa huko, Bakasai, wenyeji bado waliwahesabu wageni. Tangu utotoni alijua kwamba juu ya vilima vya shaba miti haioti. Huota nyasi tu na maua madogo yaliyouzoea udongo ule wenye sumu. Huu mmea wake aliupata kwenye kilima kimoja, Kashilo, kando ya barabara ya Mutshatsha. Vilima vingine alivizunguka miaka na miaka, hakuuona.

Ramani alimwachia Dimitri Muamba, msaidizi wake na mwandishi wa pili wa makala. Dimitri alikuwa mwepesi wa mkono kwenye kompyuta, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Aliichora upya, akaweka njia, mto na namba za GPS, kisha akaenda kuichapisha kwa rangi katika duka moja la mtaa wa Dilala, aone kama herufi zinasomeka. Mwenye duka akamwuliza ni ramani ya nini.

“Ya maua,” Dimitri akasema. “Ile maua haiwezi kuota fasi ingine, ila tu kwenye kuko shaba na kobalti mingi chini.”

Watu waliokuwa wakisubiri fotokopi nyuma yake wakanyamaza. Dimitri hakuliona hilo. Alichukua nakala nzuri, na ile iliyotoka na rangi mbaya akaiacha juu ya meza.

Mvua zikaanza. Myriam alimpigia simu tata Blanchard, mzee mkulima mwenye shamba la mihogo chini ya Kashilo, ambaye kila safari alimfungulia njia na kumpa maji ya kunywa. Simu haikupatikana. Akaona ni mtandao tu. Asubuhi mapema yeye na Dimitri wakapanda pikipiki mbili, wakiwa na chupa ndogo za pombe kali ya kuhifadhia maua na mbao za kubania mimea zilizofungwa mikanda.

Njiani walipitwa na pikipiki nyingine, tatu, halafu kundi zima, kila moja imebeba vijana wenye masepetu na magunia matupu. Zote zilielekea huko huko. Walipofika kwenye mkunjo wa mwisho, Myriam alishuka kabla pikipiki haijasimama.

Shamba la mihogo halikuwepo. Miche ilikuwa imeng'olewa na kukanyagwa, na juu ya matuta palisimama vibanda vya plastiki. Kilima kizima kilikuwa kimejaa watu. Udongo mwekundu na wa kijani ulirundikwa ovyo, na sauti ya mitaimbo ikipiga mwamba haikukatika. Kwenye njia ya kupandia, wanakijiji kama ishirini walikuwa wamesimama na mapanga na majembe. Mbele yao alikuwa tata Blanchard, mikono mitupu, ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe.

“Hamupite tena!” alikuwa akipiga kelele. “Shamba munamaliza. Makaburi ya baba yetu iko kule juu. Hamupite!”

Kijana mmoja wa wachimbaji alimsukuma. Blanchard akamsukuma naye. Ndipo mwingine, aliyekuwa pembeni na hata hakuonekana kukasirika, akainua mtaimbo kwa mikono miwili na kumshushia kichwani. Myriam alisikia mlio wake pale aliposimama. Blanchard aliketi chini kwanza, taratibu, kisha akalala ubavu, na damu ikaanza kumtoka sikioni. Mke wake, mama Florentine, akatoa sauti ambayo haikuwa neno lolote. Mapanga yakaruka. Mtu mmoja alikimbia akishikilia mkono wake mwenyewe uliokuwa ukining'inia kwa ngozi.

“Turudie!” Dimitri alimvuta Myriam. “Mama Myriam, turudie, batatuua!”

Myriam alitazama jua. Kisha akakimbia. Hakukimbia kurudi barabarani, wala hakukimbilia pale Blanchard alipolala. Alizunguka vita kwa upande wa mto, akapanda kilima kwa mikono na magoti, na Dimitri, kwa kuogopa kubaki peke yake, akamfuata.

Juu, mahali alipozoea kupiga magoti na lenzi yake, palikuwa na mashimo. Aliruka moja, akaruka la pili. Kwenye ukingo wa la tatu aliyaona: kishada kimoja, maua sita au saba ya buluu kali, yamefunguka. Kijana aliyekuwa ndani ya shimo alikuwa ameinua sururu juu yake.

Myriam alimrukia. Sururu ikaanguka upande. Kijana akageuka, akampiga kofi lililomlaza juu ya kokoto, akamwongeza teke la mbavu. Myriam alitema damu na kipande cha jino, akatambaa, akakifunika kishada kwa kifua chake.

“We njo nani?” kijana akafoka, akiinua mguu tena. “Unatafuta nini mu shimo yetu?”

“Muachilie!”

Aliyesema alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya plastiki ya machimbo. Wenzake walimwita Jeancy, na ilionekana ndiye aliyewapanga watu mashimoni. Alizitazama mbao zenye mikanda mgongoni mwa Dimitri, akatazama maua chini ya Myriam, uso wake ukafunguka.

“Ni beye!” akasema. “Ni beye ba karte!”

Akatoa karatasi ya ramani mfukoni, imekunjwa mara nyingi na kuchafuka kwa vidole. Rangi zake zilikuwa mbaya, buluu imekuwa zambarau, lakini namba zilisomeka vizuri sana. Chini yake paliandikwa kwa Kifaransa: Kielelezo cha 1.

Myriam aligeuka kumtazama Dimitri. Dimitri alitazama chini.

“Twala, professeur,” Jeancy akasema. Alichuchumaa, akakichimbua kishada kwa kisu chake na kumpa, pamoja na mizizi na udongo wake. “Maua ni yako. Mawe ni yetu.”

Myriam aliyatia maua mawili kwenye chupa na mengine akayabana kati ya karatasi. Hata wakati ule, na damu ikimdondoka kidevuni, alihakikisha petali hazijikunji.

Jeancy ndiye aliyewashusha. Aliona ni heshima. Alitembea mbele na vijana wake kumi, mkono wake begani mwa Myriam, moja kwa moja hadi pale wanakijiji walipokuwa wamemzunguka Blanchard. Vita vilikuwa vimetulia kidogo, kila upande ukiokota watu wake. Florentine alikuwa amekipakata kichwa cha mumewe. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi kiunoni.

“Mubapishe!” Jeancy alitangaza. “Huyu ni mama professeur. Bila karte yake hatungeyua hii fasi. Mutu asimuguse!”

Florentine aliinua uso. Alimjua Myriam. Alikwisha kumpikia.

“Karte gani?” aliuliza.

“Ya mulima,” Jeancy akasema, akiionyesha. “Banaandika yote, mama. Njia, mto, yote.”

“Mama Florentine,” Myriam alianza, “haikuwa kwa ajili ya...”

Florentine alikiweka kichwa cha mumewe chini polepole, juu ya kanga iliyokunjwa. Akasimama. Akachukua jembe lililokuwa miguuni pake, na hakuna aliyemzuia, hata Jeancy, kwa kuwa hakuna aliyedhani mwanamke mtulivu namna ile anakwenda kupiga. Pigo la kwanza Myriam alilikinga kwa mkono wa kuume, na mfupa ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. La pili lilimpata begani.

“Banauzisha mulima yetu!” mtu akapiga kelele. “Bakasai banauzisha mulima!”

Mawe yakaanza. Dimitri alijikunja juu ya chupa na mbao, hakujua kwa nini, labda kwa mazoea, na alipoinua kichwa kutafuta njia jiwe lilimwingia jichoni. Wakamwangukia wengi, miguu na ngumi na mipini. Myriam alimsikia akiita mama yake. Ndipo watu wa Jeancy walipoingia na mitaimbo. Walipiga yeyote aliyekuwa karibu, wazee kwa wanawake, wakafungua njia katikati ya watu wale wale waliokuwa wamefiwa, wakawatupa Myriam na Dimitri juu ya pikipiki. Waliokolewa na waliomuua Blanchard. Nyuma yao kijiji kilikuwa kinapigwa kwa ajili yao.

Hospitalini daktari alimwekea Myriam plasta kuanzia kiwiko hadi vidole. Jicho la kushoto la Dimitri alilitoa.

Siku Dimitri alipoweza kuongea, Myriam alikwenda kuketi kando ya kitanda chake.

“Uliiacha wapi?” aliuliza.

Dimitri akamweleza: duka, swali, jibu lake, meza. Hakuficha neno. Alipomaliza, Myriam alisimama na kumpiga kwa mkono wake mzima, upande ule ule wa bendeji. Dimitri alilia kwa uchungu. Myriam akampiga tena. Muuguzi alikuja mbio, akamshika kiunoni na kumvuta nyuma, wagonjwa wa jirani wakipiga kelele.

Damu mpya ilikuwa inapenya kwenye bendeji. Dimitri alimtazama kwa jicho lililobaki.

“Mi nilifungula kinywa, kweli,” akasema. “Na we? Ulimuona tata Blanchard anaanguka. Ulikimbia wapi?”

Muuguzi alipomwachia, Myriam akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akakaa hapo hadi alipoambiwa muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Makala aliimalizia nyumbani, Dilala, kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Alilitoa ua kwenye chupa, akaliweka chini ya darubini, akaandika: petali mbili za juu pana, buluu iliyokolea, ya tatu ndogo, karibu nyeupe. Akapima stameni. Akafuta ramani na namba zote, akamwandikia mhariri kwamba mahali hapatajwi kwa sababu watu wamekufa pale. Kwenye sehemu inayoeleza hali ya mmea aliandika kwamba mimea yote iliyojulikana imeng'olewa. Askari walikuwa wamefika Kashilo na kuwafyatulia risasi wachimbaji, na sasa kilima kilizungushiwa waya na watu wengine wakichimba kwa mashine.

Lilibaki jina. Alitaka mmea uitwe kwa jina la Blanchard. Lakini hakuweza kuliandika bila kuuliza.

Florentine alikuwa amehamia Kapata kwa dada yake, mama Bilonda. Bilonda alipoufungua mlango na kumtambua mgeni, alitaka kuufunga. Sauti ya ndani ikasema: “Aingie.”

Florentine alikuwa ameketi kwenye kigoda, nywele zimenyolewa. Myriam alipiga magoti mbele yake. Aliomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga njia nzima, na yote yakatoka vibaya. Akaeleza habari ya jina: kwamba litaandikwa kwenye vitabu vya dunia nzima, kwamba halitafutika.

Florentine alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaunyoosha mkono wake, akaishika plasta pale mfupa ulipovunjika, akaanza kukamua. Alikuwa mwanamke aliyelima maisha yake yote. Myriam aliona giza, jasho likamtiririka, lakini hakuuvuta mkono.

“Inauma?”

“Inauma, mama.”

“Itapona.” Akakamua zaidi. “Bwana yangu alikupatia mayi. Ye njo alikuonyesha njia ya kupanda. Siku banamupiga, mi nilikuona. Nilizani unakuya kunisaidia kumubeba. Nilikuita. Ulisikia?”

Myriam alitaka kusema hakusikia. “Nilisikia,” akasema.

Florentine akamwachia.

“Jina ya bwana yangu usiitie mu kitabu yako. Kama umeitia, utaiondosha. Iko ya batoto yake. Sasa enda, mbele ya mi kushika jembe tena.”

Myriam alitoka akijishikilia ukutani. Nje alitapika kando ya barabara, watu wa pikipiki wakimtazama.

Mmea akaupa jina la rangi tu, neno la Kilatini lenye maana ya buluu. Kabla ya kutuma alimpigia Dimitri, aliyekuwa amerudi kwa wazazi wake.

“Toa jina langu kwenye makala,” Dimitri akasema. “Sitaki kuiona.”

“Hapana. Litabaki, na langu litabaki. Batu bakiuliza nani alifanya hii kazi, bayue ni sisi.”

Myriam alisikia pumzi za Dimitri, halafu simu ikakatwa. Akakagua marejeo kwa mara ya mwisho, akasahihisha mwaka mmoja uliokosewa, akautuma mswada. Mkono wa plasta ulikuwa unavimba, akauweka juu ya mto na kungoja uchungu upungue.