Saa za Mdomoni mwa Mto

Alida, mke wangu, alifariki Februari mwaka jana. Mei ya mwaka huo Duane Krom alishinda shindano la chama chetu cha wavuvi, na kwa desturi yetu mshindi huchagua kwanza mahali pa kutia nanga msimu mzima. Alichagua shimo ambalo Alida alilipata kwa kamba yenye risasi ya kupimia kina mwaka 1994, kando ya fungu la matope kusini mwa kijiji. Kwenye ramani ya chama akafuta jina la Alida akaandika lake. Miaka kumi na miwili alikuwa amevua ndani ya mashua yangu, na shimo hilo nilimwonyesha mimi.

Nilianza kupanga safari ya mwaka huu.

Besi wa milia, samaki wakubwa wa baharini, hupanda mto Hudson kufuata samaki wadogo waitwao heringi maji yanapofika nyuzi hamsini na tano za Farenihaiti. Nilipima kila asubuhi tangu Aprili. Siku ya shindano, maji yangekupwa mwisho saa kumi na mbili asubuhi, kisha yageuke. Yakigeuka, besi wakubwa hukusanyika shimoni kwa saa moja hivi. Picha ya samaki juu ya ubao wa kupimia lazima imfikie mwamuzi kabla ya saa tatu.

Kitabu cha maji kujaa na kupwa hutoa saa za mdomoni mwa mto, bandarini New York. Kwetu huku juu unaongeza saa tano na robo. Kila mvuvi hapa anaijua hesabu hiyo, isipokuwa Duane, kwa sababu miaka yote hiyo nilimfanyia mimi. Yeye alisoma saa nilizoandika kwenye ubao wa chama, pale tunapoacha mipango yetu ili pajulikane pa kututafuta tukichelewa kurudi. Mwaka jana pia alisoma zangu.

Alhamisi niliandika jina langu, mashua, shimo, kisha: maji kujaa saa moja asubuhi, mdomoni mwa mto. Kila neno lilikuwa kweli.

Duane alikuja na kahawa yake, akasoma, akaniuliza kama bado napima mto homa kama muuguzi. Nikasema napima. Akacheka, akawaambia waliokuwepo kwamba Profesa, yaani mimi, ana vipimo na yeye ana samaki.

Jumamosi, siku ya shindano, kulikuwa na ukungu. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimetia nanga nje kidogo ya shimo, kwenye mkondo, mahali ambapo hakuna mwenye haki napo. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi nikasikia injini yake ikija kasi, moja kwa moja juu ya fungu, kama mtu anayeamini ana futi nne za maji chini yake. Alikuwa na inchi nane. Mashua iliteleza mbali juu ya matope, ikalala ubavu.

Injini ilipozimwa tulikuwa kama hatua sitini mbali. Ukungu ukainuka, akaniona.

"Profesa," aliita. "Nirushie kamba, kaka."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nimekwama. Si uliandika saa moja maji yamejaa?"

"Niliandika wapi yanajaa."

Alichungulia matope chini ya ubavu wa mashua. Hakuweza kushuka, tope lile linafika kiunoni.

"Yataninyanyua saa ngapi?"

"Saa nne kasoro. Umepanda juu sana."

"Shindano linafungwa saa tatu, bwana."

"Najua."

Alinitukana, kisha akanibembeleza, kisha akataja jina la Alida, kwamba yeye asingefanya hivi. Huenda ni kweli. Alida alikuwa mwema kuliko mimi, na hakuwepo.

Saa moja kasorobo mshipi ulivutwa. Duane alisimama akishika ukingo wa mashua yake, akanitazama nikimvuta samaki mwanzo hadi mwisho. Besi wa inchi arobaini na tatu. Nilimlaza kwenye ubao wa kupimia uliolowa, nikapiga picha, nikamrudisha majini. Kisha nikamwuliza Duane kama ana kahawa ya kutosha.

Jioni, mwamuzi aliponiita mbele kama mshindi, nilichagua shimo. Raba nilikuwa nayo mfukoni. Nilifuta jina la Duane kwenye ramani mpaka karatasi ikawa nyembamba, nikaandika jina la mke wangu kwa wino, Duane akiwa amekaa kiti cha mbele ukumbini.