Mashine Namba Tano

Baba yake Khalayi alifanya kibarua kiwandani miaka ishirini, na sheria ya huko ilikuwa moja: anayemaliza kwanza ndiye anayeongezewa kazi. Zahanati ndogo ya Huruma ilipomwomba Khalayi, aliyekuwa ametoka tu chuo kikuu, aunganishe kompyuta tano za msaada zisome kwa pamoja picha za vifua na kutafuta dalili za kifua kikuu, aliiandika sheria hiyo hiyo kwenye programu yake. Mashine moja isilemewe huku nyingine imekaa bure. Aliiona ni haki tupu.

Jumamosi zililetwa picha mia sita. Mashine nne zilijikokota, dakika mbili kila picha. Namba tano ilizimeza kama karanga.

"Cheki hiyo!" Bwire, fundi aliyezikarabati, alipiga makofi. "Na ulisema niiuze kwa wa vyuma kuukuu!"

"Labda umeilisha ugali wa kwenu," Khalayi akacheka.

Jumapili wengi wa waliopigwa picha wakatumiwa ujumbe kwa simu: huna dalili.

Jumatatu asubuhi Khalayi akapitia rekodi za kazi. Namba tano ilikuwa imechukua picha mia nne na kumi na mbili, na haikusoma hata moja. Ilikuwa mbovu ndani. Kila picha ilishindwa kufunguka, mashine ikarudisha jibu tupu, kisha ikaomba nyingine. Programu ikaiona imemaliza, ikaiongezea. Na jibu tupu, kama Khalayi mwenyewe alivyoandika kwenye programu, lilihesabiwa kuwa hakuna dalili.

Akaichomoa, akaanza upya na zile nne. Zingehitaji zaidi ya saa tatu.

"Wapigie tena wale waliotumiwa ujumbe," alimwambia Bwire.

"Napiga tangu saa mbili. Wanakata, wanadhani mimi ni tapeli."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Wangeci, muuza mandazi wa pale kona, aliyekuwa akikohoa tangu Pasaka. Kwa wiki tatu alikuwa amemlaza mjukuu wake kwa jirani, asije akamwambukiza. Sasa alikuwa amembeba mbele, shavu kwa shavu.

"Mwalimu wa kompyuta! Nimewaletea ya moto. Huyu jana amelala kifuani kwangu, hata sikupata usingizi kwa furaha."

Khalayi akatafuta jina lake kwenye orodha. Namba tano. Akaisogeza picha yake mbele ya foleni. Dakika mbili. Hapakuwa na lolote la kuiharakisha.

"Mama," akasema, mikono ameinyoosha, "nipe mtoto kidogo."

"Hee! Leo kila mtu anamtaka!" Wangeci akamkumbatia mtoto zaidi, akambusu mdomoni. "Subiri zamu yako."

"Mama, tafadhali. Ule ujumbe…"

Wangeci alikuwa anacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na mtoto, akidhani ni mchezo, akacheka naye.